Deni Lilikuwa la Mama
(Hotuba ya vijana wetu siku ya sherehe)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti, mama zetu wanachama, ndugu wageni waalikwa. 

Awali ya yote tunashukuru kupewa nafasi ya kusema machache katika sherehe hii ya miaka kumi. Sisi ni vijana watatu, wavulana wawili na msichana mmoja, watoto wa wanachama. Leo kila mmoja anajitegemea. Lakini haya tunayotaka kuyasimulia yalitukuta tukiwa na miaka 16, wanafunzi wa sekondari.

Ilikuwa likizo ya Desemba, msimu wa korosho. Siku hizo barabara ya Newala ilikuwa bado haina lami. Magari yaliyoshuka kutoka Tandahimba na Newala yalifika hapa Naliendele mekundu kwa vumbi, na mvua ikinyesha, ni tope tupu. Vijana wa bodaboda nao walitaka pikipiki zing'ae, maana abiria huchagua. Tukaambiana: jamani, hapa pana hela!

Tatizo likawa mtaji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumkosesha masomo. Kukopa ni jambo jingine, na katiba ya kikundi haimkopeshi asiye mwanachama. Basi mama wa mmoja wetu akakopa shilingi 60,000 kwa jina lake, kwa miezi mitatu, na riba ya asilimia 10. Dhamana ni hisa zake. Akatuambia, "Wanangu, mkiichezea hela hii, mnachezea hisa zangu."

Tulinunua madumu manne, ndoo mbili, brashi, sifongo na sabuni ya unga. Pikipiki tuliosha kwa shilingi 1,000, gari dogo na pikapu 4,000. Wapo waliomcheka dada yetu kuosha pikipiki barabarani. Hakujibu. Alikamata brashi akaendelea.

Makosa yetu yalikuwa mawili. La kwanza, kila jioni tuligawana hela yote iliyopatikana, tukala chipsi. Siku ya kumi tukakosa hata hela ya maji. La pili, tulifungua boneti ya pikapu kuukuu tukamwagia injini maji. Waya za plagi zikalowa, gari likakataa kuwaka. Dereva akamwita fundi, gharama shilingi 25,000, akatudai sisi.

Tulikwenda kwa mama tukilia. Tulidhani ataomba hela kwenye mfuko wa jamii. Alikataa. Alisema mfuko ule ni wa wagonjwa na wafiwa, si wa uzembe. Akatuamuru tuje wenyewe kwenye kikao cha kikundi tueleze. Mama zetu, siku ile miguu ilitutetemeka!

Hamkutusamehe hata senti moja, na leo tunawashukuru kwa hilo. Mlituuliza swali moja tu: "Daftari liko wapi?" Hatukuwa nalo. Mkatufundisha kugawa kila shilingi 1,000 mafungu matatu: 300 ya maji na sabuni, 400 ya deni, 300 yetu. Dada yetu akapiga hesabu palepale: deni na riba ni 66,000, kwa hiyo tuoshe pikipiki 165. Deni lililokuwa likitunyima usingizi likawa kazi inayohesabika. Dereva naye akakubali tumwoshee pikapu lake mara saba bila malipo, na boneti isiguswe.

Shule ilipofunguliwa tuliosha Jumamosi peke yake. Mwanzoni mwa Machi, kabla muda haujaisha, tulimaliza deni lote. Mama hakupoteza hisa hata moja. Sisi tulibaki na madumu, ndoo na daftari. Likizo ya Juni tulianza tena bila kukopa, na fungu letu lilisaidia kununua sare na madaftari ya shule.

Ndugu zetu, tunalo ombi moja. Kijana aliyefika miaka 18 anaweza kujiunga na wenzake wakaomba mkopo wa halmashauri, kwani vijana wana fungu lao katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani. Lakini huyu wa miaka 15 au 16 hana pa kuanzia, ila kwa mama yake. Tunaomba kikundi kifungue daftari la akiba ya watoto, kila mtoto chini ya jina la mama yake, aweke hata shilingi 500 kwa wiki. Likizo ikifika aanze kwa hela yake, asianze kwa hisa za mama. Sisi watatu tutaleta madaftari ya kuanzia, na tuko tayari kuwafundisha kuyaandika.

Kikundi kidumu.