Kumwaga unga kwa Kiingereza

Kiingereza kina namna nyingi za kumwambia mtu kesho asije kazini. Waingereza husema fulani kapewa "sack", yaani gunia. Inaelezwa kuwa fundi wa zamani alifika kazini na mfuko wake wa zana, na siku ya kufukuzwa alikabidhiwa mfuko huohuo. Wamarekani husema "fired", kwani kwa lugha yao neno moja hutumika kwa kumwondoa mtu kazini na kwa kufyatua bunduki. Utani ukazaliwa hapo. "Laid off" zamani ilikuwa kusimamishwa kwa muda tu. Anayengoja leo kuitwa tena, atangoja sana.

Sisi nasi tunayo yetu. Mtu kamwaga unga. Kitumbua chake kimeingia mchanga. Kenya wanasema kapigwa kalamu. Wakubwa wao uteuzi "hutenguliwa", utadhani ni udhu. Na Hayati Rais Magufuli, tangu mwaka 2015, alipotumbua majipu, hakuna aliyehitaji kamusi. Angalieni lakini: mlalahoi wa Kiswahili akifukuzwa, lugha inaangalia jikoni kwake kwanza.

Juma lililopita jirani yangu hapa Kinyerezi aliniletea barua. Kiingereza chake si haba, ila neno "redundant" lilimtatiza, maana barua yote ilijaa shukrani. Asili yake ni Kilatini: kufurika, kama maji yapitayo ukingo wa ndoo. Yaani wewe ni ziada. Waliopunguzwa kazi miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipobinafsishwa, wanalijua vizuri.

Neno hilo halikunitisha sana. Kilichonitisha ni karatasi ya pili, iliyomtaka asaini kwamba anaondoka kwa hiari. Hapo, ndugu zangu, si suala la adabu ya lugha tena. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa ya kusudio lake, aeleze sababu na ashauriane nao kabla. Aliyetimiza miezi 12 mfululizo, akiachishwa hivyo, hulipwa angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10. Aliyejiuzulu mwenyewe hana dai hilo. Kwa hiyo neno "hiari" lina bei yake, na jirani yangu alikuwa na miaka tisa.

Nilimwambia asisaini asichokielewa, na kwamba anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akaniuliza kama huko nako wanazungumza Kiingereza. Nikamjibu aende aseme kwa Kiswahili chake, ila awahi.