SUMU INA NJIA YAKE

(Mazungumzo ya Katibu wa Tawi kwa wanaushirika, chini ya mwembe wa ghala. Yamebandikwa hapa kwa faida ya waliokuwa baharini na kondeni. Ajuaye kusoma amsomee mwenziwe.)



Leo hatukukuiteni kwa bei ya karafuu wala kwa hesabu za duka. Tumekuiteni kwa jambo la roho zetu.

Mnakumbuka msimu uliopita kijana wetu mmoja alianguka katika bonde la tungule. Alikuwa akipiga dawa tangu asubuhi, kifua wazi, na bomba linamvujia mgongoni. Akaanza kutokwa na jasho na mate, machozi yanamchuruzika, tumbo linamkata, nyama za mikono zinamchezacheza. Wengine wetu tulisema ni jua. Wengine tulisema kakumbwa na pepo wa bondeni. Tukapoteza saa nzima tunabishana. Alipofika hospitali, daktari alimfunua jicho, akaona mboni imekuwa ndogo kama kichwa cha sindano. Pale pale akaanza kumtibu, huku anauliza: "Alikuwa anapiga dawa gani?"

Hakuna aliyejua. Na kwa nini hakuna aliyejua? Kwa sababu sisi wa kamati ndio tuliofungua kopo kubwa tukawagawia watu dawa kwa chupa za maji, bila ya karatasi, bila ya jina. Ikabidi mtu apige baskeli mpaka ghalani kuitafuta karatasi ya kopo. Kosa lile ni letu. Tunalisema mbele yenu na tunaliandika ukutani. Kijana alipona, alhamdulillahi.

Lakini tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: daktari alijuaje, hata kabla ya kopo kufika? Alijua kwa sababu anaijua njia ya sumu ile. Na hilo ndilo somo la leo.

Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tulifundishwa kulikata neno vipande vipande: ki-su, ki-ti, sa-ha-ni. Neno likikatwa halitishi tena. Sumu nayo hukatwa hivyo hivyo, kwa maswali manne. Inaingia wapi? Inakwenda wapi mwilini? Inaharibu nini? Inatoka lini?

Zamani njia kubwa ya kupima sumu ilikuwa kumpa panya, kisha kuhesabu wangapi wamekufa. Hesabu ile inakwambia kiasi gani kinaua, lakini haikwambii kwa nini. Siku hizi wataalamu wanaifuata sumu hatua kwa hatua, kama mtu anayefuata nyayo za mwizi. Wakishaijua njia, wanajua nani ataumia kwanza, dalili ipi itatangulia, dawa ipi itasaidia, na kiumbe gani mwingine ataingia katika hatari ile ile.

Hebu tuanze na dawa iliyomwangusha kijana wetu. Ni katika ukoo unaoitwa oganofosfeti. Mwili wetu una mishipa ya fahamu, nayo hupelekeana habari. Mshipa ukitaka mkono usogee, humwaga tone la kitu fulani, na msuli ukajikaza. Kisha huja mfagiaji akalifagia tone lile, na msuli ukalegea. Sumu hii kazi yake ni kumfunga mikono mfagiaji. Matone yanabaki pale pale, amri haikatiki. Ndiyo maana mate hayakomi, machozi hayakomi, misuli inachezacheza, kifua kinajaa, na mwisho pumzi inakatika. Hospitali ina dawa inayoitwa atropini, inayozizuia amri zile. Pepo wa bondeni hakuwamo.

Sasa angalieni faida ya kuijua njia hii. Kwanza, sumu hii hupita katika ngozi. Mgongo uliorowa dawa ni mlango wazi, hata kama mdomo umeufunga kitambaa. Pili, mwili hauwezi kuwatengeneza wafagiaji wapya kwa siku moja. Huchukua wiki nyingi. Mtu anaweza kupiga dawa leo, na kesho, na mtondo, anajiona mzima kumbe wafagiaji wanapungua, na siku ya kumi tone dogo tu linamwangusha. Hospitali kubwa zinaweza kuwapima wafagiaji hao katika damu kabla mtu hajaanguka. Tatu, chupa mbili zenye majina mawili zinaweza kuwa za ukoo mmoja. Mtu akizichanganya akidhani kila moja ina kazi yake, kumbe amezidisha sumu ile ile.

Twende kwenye dawa ya vyandarua. Hii ni ya ukoo mwingine. Yeye huushika mlango wa mshipa wa fahamu ukabaki wazi, mdudu akatetemeka mpaka akafa. Ini letu huivunja upesi, kwa hivyo tunalala ndani ya chandarua bila ya wasiwasi. Lakini samaki hana nguvu ya kuivunja kama sisi. Na kamba na kaa ni jamaa wa wadudu. Kinachomuua mdudu kinawaua na wao. Basi mama zetu, chandarua kifuliwe katika beseni, na maji yamwagwe shimoni, mbali na kisima. Kisifuliwe katika kijito kinachoshuka kwenye mikoko.

Hapa mzee mmoja alitukatiza akasema: "Haya yote ni madawa ya viwandani. Sisi zamani tulivua kwa utupa, mti wa Mungu, na hatukudhurika." Tunamheshimu mzee wetu, lakini tumjibu. Utupa una sumu inayouzuia mwili kuitumia hewa. Samaki hufa kwa kukosa pumzi na hali hewa imo ndani ya maji. Humwingia kwa mashavuni, upesi sana, na haichagui changu mkubwa wala mtoto wake wa jana. Sisi watu tumboni hutuingia kidogo, ndiyo maana wazee walikula samaki wale wakasalimika. Lakini mwaka 2011 wataalamu wa Marekani walitoa habari za wakulima waliokuwa wakitumia sumu ya namna hiyo iitwayo rotenoni; walionekana kupata zaidi maradhi ya kutetemeka ya uzeeni kuliko wenzao. Basi ya mti au ya kiwanda, tusiulize imetoka wapi, tuulize inapita wapi. Na kama ni hasara ya fedha, mwaka 1999 nchi za Ulaya zilifunga soko lao kwa samaki wa Ziwa Victoria, wa Tanzania, Kenya na Uganda, kwa sababu walikuwako watu waliokuwa wakivua kwa dawa za wadudu. Wachache walimwaga sumu, wakala hasara wote.

Swali la nne, inatoka lini, tujifunze kwa DDT. Wazee wetu wanazikumbuka zile timu zilizopita nyumba kwa nyumba kupiga dawa ya malaria. DDT haimwangushi mtu upesi. Ubaya wake ni kuwa haiondoki. Hukaa katika mafuta ya mwili miaka na miaka, na hutoka katika maziwa ya mama. Mdudu akiliwa na samaki, na samaki akaliwa na ndege, kila mmoja hukusanya zaidi ya aliyemla. Ndege wakubwa wala samaki wakawa wanataga mayai ya ganda jembamba, wakiyaatamia yanavunjika. Marekani iliizuia kwa kilimo mwaka 1972. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ukaibakishia kazi ya kupambana na wadudu wanaoeneza maradhi. Basi sumu ya haraka na sumu ya taratibu zote ni sumu.

Sasa, ndugu zetu, tuje kwenye msiba wetu wenyewe. Mwezi wa Machi 2024, hapa hapa Pemba, Kisiwa Panza, watu walikula nyama ya kasa. Watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki, na wengine 78 walilazwa hospitali. Na kabla yake, Novemba 2021, watu 7 walikufa Pemba kwa nyama hiyo hiyo. Tuliwazika, tukawaombea.

Tuiulize sumu ya kasa maswali yetu manne. Inaingia wapi? Kwa kula, na imeshaonekana pahala pengine mtoto mchanga akafa kwa kunyonya tu, mama yake ndiye aliyekula. Imetoka wapi? Inadhaniwa kasa huipata katika viumbe vidogo vya baharini anavyokula, na yeye mwenyewe haimdhuru. Kwa hivyo kasa mwenye sumu anaogelea vizuri, ananenepa, na nyama yake haina harufu wala rangi ya kukuonya. Inavunjika kwa moto? Haivunjiki, uchemshe, uikaange, uikaushe, imo. Inaharibu nini? Hapa ndipo njia inapokatika. Wataalamu bado hawajaifuata mpaka mwisho, na kwa sababu hiyo hakuna dawa ya kuizima. Daktari anaweza kukutia maji na kukusaidia pumzi, basi.

Wako wanaosema: "Baba yetu alikula kasa miaka sitini." Ndiyo, kwa sababu si kila kasa ana sumu. Lakini hakuna wa kukwambia yupi anayo. Sumu unayoijua njia yake unaweza kuiwekea mlango. Sumu usiyoijua njia yake, iache. Na kasa mwenyewe sheria inamlinda.

Basi kamati inaleta mapendekezo haya, tuyaamue katika mkutano wa wanachama wote:

1. Dawa isitoke ghalani ila ndani ya kopo lake lenye karatasi. Wako wanaosema kopo zima ni ghali, na ni kweli. Basi watu watano wa bonde moja wanunue kopo moja, likae ghalani, na kipimo kitiwe katika bomba mbele ya mshika ghala.

2. Anayepiga dawa avae shati la mikono mirefu, suruali, viatu vya mpira na glavu. Bomba linalovuja lisitumike. Akimaliza aoge kwa sabuni.

3. Kopo tupu lisichotewe maji wala kuwekewa mafuta. Likoshwe mara tatu, litobolewe, lirudishwe ghalani.

4. Bomba lisikoshwe kijitoni. Maji ya bonde ndiyo yanayokwenda kwenye mikoko, na kwenye mwani wa mama zetu.

5. Tungule zisichumwe kabla ya kutimia siku zilizoandikwa kwenye kopo.

6. Mtu akizidiwa, tusibishane. Atolewe kondeni, avuliwe nguo, aoshwe kwa maji na sabuni, apelekwe hospitali, na kopo liende pamoja naye.

Mwisho, darasa la watu wazima litaanza kusoma karatasi za makopo. Asiyejua herufi ataanza na utepe wa rangi ulio chini ya karatasi: mwekundu ndio mkali kuliko yote, kisha manjano, kisha buluu, kisha kijani. Sisi tulishika kalamu na mvi zimeshaanza, hatukuona haya. Tungalikuwa tumeisoma karatasi ile msimu uliopita, yule kijana asingalianguka.



Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati