Vigingi Kwenye Mbuyu: Programu Huria na Fomu za Doria Yaeda Chini



Naomba nianze na mbuyu. Mhadzabe akitaka asali iliyo juu kwenye tundu la mbuyu, huchonga vigingi vya mti mgumu, akavigongomea shinani kimoja juu ya kingine, akapanda navyo kama ngazi. Akishashuka, vigingi hubaki palepale. Sasa chukueni fomu ya doria iliyotungwa mjini: "Hali ya mti: mzima, umejeruhiwa, umekatwa." Askari wa kijiji aliye mwaminifu atachagua "umejeruhiwa." Taarifa ikifika ofisini, mti uliolisha watu asali miaka na miaka unahesabiwa kwenye safu ya uharibifu, na mharibifu ni mwenye ardhi mwenyewe.

Swali langu leo ni dogo: nani ana uwezo wa kuisahihisha fomu hiyo, na atamwomba nani ruhusa?

Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini, wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team, walipata hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la jamii nzima, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Ardhi hiyo ni zaidi ya hekta 20,000. Katika bonde hilo la Yaeda ukaja mradi wa hewa ukaa unaoratibiwa na Carbon Tanzania: miti isipokatwa, jamii hulipwa. Mnunuzi wa hewa ukaa aliye Ulaya haji kuupapasa mbuyu kwa mkono wake. Anataka kumbukumbu: nani alipita wapi, lini, akaona nini. Ndiyo maana nasema fomu ya doria hapa si karatasi ya kumfurahisha bosi. Ni sehemu ya biashara, na aliyekosea kuitunga amekosea kwenye hela za watu.

Kwenye simu niliyoiweka mezani mna ODK, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2008. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi, na yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuirekebisha na kuigawa. Fomu zake huandikwa kwenye jedwali la kawaida, lile ambalo mtunza hesabu wa kijiji analijua. Safu moja ina swali kwa Kiswahili. Ukitaka picha, unaongeza safu ya picha. Ukitaka swali lisikike kwa sauti, unaongeza safu ya sauti. Bondeni mtandao haushiki kila mahali, nayo haijali: hutunza majibu ndani ya simu mpaka utakapofika penye mtandao ukayatuma.

Nimeitaja safu ya sauti kwa makusudi. Bonde hili lina Wahadzabe, Wairaqw na Wadatoga. Kihadzabe kina sauti za kidoko ambazo kibodi ya simu haina habari nazo, na watu wengi wanaokizungumza hawajawahi kukisoma popote. Kwa mtu kama huyo kutafsiri maandishi hakutoshi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima, na mimi ni mmoja wa walioifurahia. Lakini ilimfaa mtu anayesoma, aliye mbele ya kompyuta, penye umeme. Kwa msoma nyayo mfano ulio karibu zaidi uko kusini. Miaka ya 1990 Louis Liebenberg wa Afrika Kusini alianzisha CyberTracker, inayogawiwa bure, ili wasoma nyayo wasiojua kusoma maandishi waweze kuweka kumbukumbu kwa kugusa vipicha: mnyama gani, anakula au anapita. Watu hao walikuwa na maarifa tele tangu zamani. Kilichokosekana ni kalamu inayowafaa.

Mtaalamu atanikatiza: fomu si msimbo, hata programu za kulipia zina fomu zinazobadilishika. Kweli kabisa. Tofauti huonekana siku mradi unapoisha. Leseni ikikoma, kumbukumbu zenu hubaki ndani ya nyumba ambayo ufunguo wake umerudishwa kwa mwenyewe. Majibu ya ODK hutoka kama jedwali, mkayafungua kwenye QGIS, programu huria ya ramani, bila kumlipa mtu wala kumwandikia barua. Lakini tusidanganyane kwamba huria maana yake hakuna gharama. Seva inalipiwa, simu zinapasuka vioo, betri zinakufa, na lazima awepo kijana anayelijua lile jedwali vizuri. Bajeti isiyomtaja kijana huyo mimi siiamini.

Jambo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Programu ikiwa wazi, takwimu zake si lazima ziwe wazi. Fomu hurekodi nukta ya kijiografia. Mkusanye nukta za mibuyu yenye asali, za visima, za kambi wakati wa kiangazi, mzitundike hadharani kwa jina zuri la uwazi: mtakuwa mmemchorea mkata miti na mchunga mifugo mvamizi njia ya kufika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mtu. Mbuyu si mtu. Bahati nzuri ODK inaruhusu majibu yafungwe kwa ufunguo wa siri kabla hayajaondoka kwenye simu, na asiye na ufunguo huo hasomi kitu. Pendekezo langu ni kwamba ufunguo ukae kwa serikali ya kijiji chenye ardhi, na anayetaka takwimu aende akaombe kwenye kikao, muhtasari uandikwe.

Baada ya chai tutaifungua fomu hii pamoja, data ikiwa imezimwa. Kwenye swali la hali ya mti nimeongeza jibu la nne, "una vigingi vya asali," lenye picha ya vigingi. Sauti bado. Nimeiachia nafasi, na wazee wawili waliokaa pale nyuma wamekubali kuirekodi kwa Kihadzabe leo hii. Wameshaniambia pia kwamba picha yenyewe nimeikosea: vigingi nimevichora vikiwa mbali mno, na kwamba anayepanda hivyo ataanguka.