Birika la Udongo: Mwalimu Yuko Karibu

(Mazungumzo kwa wakazi wa Migori na Homa Bay wanaotaka kujifunza ufinyanzi kwa kujifurahisha)



Mwaka wa 1987 mtafiti Ingrid Herbich alichapisha makala kuhusu wafinyanzi Waluo wa Nyanza. Wengi wangedhani binti hurithi kazi hii kwa mamake. Yeye alikuta jambo tofauti: mwanamke alijifunza kufinyanga baada ya kuolewa, na mwalimu wake alikuwa mama mkwe au mke mwenza mkubwa. Bibi arusi aliyekuja bila ujuzi alichukua mtindo wa alikoolewa.

Mnyororo huo umelegea. Maji sasa yako kwenye mtungi wa plastiki, mboga ziko kwenye sufuria, na mke wa mwana yuko Nairobi au dukani Rongo. Mama mkwe bado anajua kazi, ila hana wa kumfundisha. Wakati huohuo kuna vijana wanaotazama video kwenye simu wakitamani kutengeneza birika kwa mikono yao. Video nyingi zinaonyesha gurudumu na tanuri la umeme. Mama wa kijijini hahitaji hata kimoja: huviringisha udongo kama kamba, akaipanga juu ya kamba nyingine, akailainisha kwa kidole, kisha akachoma kwa kuni na nyasi uwanjani. Kazi hii ni ya kale sana hapa. Pale Gogo Falls, kwenye Mto Kuja kaunti ya Migori, wanaakiolojia walichimbua vigae vya vyungu vya maelfu ya miaka.

Birika, lakini, si chungu cha kuanzia. Mwanafunzi aanze na bakuli, kisha chungu kidogo. Birika lina vipande vinne, yaani tumbo, mdomo, mkono na kifuniko, na vyote hupungua vikikauka. Kimoja kikiwa kikavu kuliko kingine, ufa hutokea palepale pa kiungo. Mdomo na mkono huunganishwa tumbo likiwa limeanza kukaza lakini bado lina unyevu. Pande zote mbili hukwaruzwa na kupakwa udongo mwepesi kama uji. Ncha ya mdomo isiwe chini ya ukingo wa tumbo, la sivyo chai itamwagika kabla birika halijajaa. Kifuniko kitobolewe tundu dogo la hewa, na hapo chai itamiminika bila kukwamakwama.

Birika lililochomwa uwanjani hupenyeza maji kidogo, kama mtungi unaopoza maji. Kwa hiyo si la kuweka juu ya moto wa gesi, na si la chai ya maziwa: maziwa hunywewa na udongo na kuchacha humo. Chai ya rangi inatosha. Rangi za kung'arisha zisizojulikana zilitengenezwa na nini zisipakwe ndani, kwa kuwa baadhi zina risasi.

Jambo moja lisipuuzwe, hasa Nyatike na kwingineko kunakochimbwa dhahabu. Udongo usichotwe karibu na mahali mchanga wa dhahabu unapooshwa. Zebaki hutumika huko, na zebaki ikichomwa hugeuka mvuke wenye sumu. Wala mtu asiingie peke yake kwenye shimo la udongo lenye kuta ndefu, hasa baada ya mvua. Mfinyanzi mzoefu anajua udongo safi uko wapi; aulizwe yeye kwanza.

Na anayekwenda kujifunza asiende mikono mitupu. Saa za mama huyo zilipwe, kwa maana siku anayofundisha ni siku ambayo hafinyangi vya kuuza sokoni. Miezi mizuri ya kuanza ni Januari na Februari, kuni zikiwa kavu. Birika likaushwe kivulini wiki moja au mbili, na kukiwa na wingu jeusi upande wa ziwa, uchomaji uahirishwe hadi kesho.