Mdai Aliyejiona Mdaiwa: Toba ya Ebenezer Scrooge katika A Christmas Carol



Yamkini wapo miongoni mwenu wanaojiuliza ni kwa vipi bahili wa London ameingia katika mhadhara wa taaluma za Kiswahili. Ameingia kwa mlango wa msamiati. Mtu anayetaka kueleza kwa Kiswahili yale yaliyompata Ebenezer Scrooge hukutana na maneno matatu: wokovu, ukombozi na toba. Aghalabu tunayatumia kana kwamba ni visawe, ilhali kila moja lina hadithi yake. Anayeokoka hutolewa hatarini na mwingine. Kinachokombolewa, kwa maana ya zamani ya neno hilo, ni kitu kilichowekwa rehani, nacho hakirudi ila kwa malipo. Toba, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, asili yake ni kurudi. Hivyo atakayechagua moja kati ya haya amekwisha kuifasiri hadithi kabla hajaisimulia. Mwalimu Nyerere alitufundisha jambo hilo mwaka 1969 alipomwita mfanyabiashara wa Shakespeare bepari, neno lililofika pwani kutoka Bara Hindi likiwa na maana ya mchuuzi tu, na ambalo kufikia wakati huo lilikuwa limebeba siasa ya zama nzima.

Charles Dickens aliitoa novela yake tarehe 19 Desemba 1843. Aliigawa katika sehemu tano, akaziita kwa jina la beti za wimbo, kwa kuwa aliitaka isomwe kama wimbo wa Krismasi. Nakala 6,000 za kwanza zilimalizika kabla ya sikukuu. Bei yake ilikuwa shilingi 5, nami naomba mkumbuke kiasi hicho, maana Bob Cratchit, karani wa Scrooge, analipwa shilingi 15 kwa juma. Kitabu kinachomtetea karani kingemgharimu karani theluthi moja ya ujira wake.

Mwandishi mwenyewe aliijua fedha kwa uchungu. Mwaka 1824 baba yake alifungwa katika gereza la wadaiwa la Marshalsea, naye Charles, mtoto wa miaka 12, alikuwa akibandika vibandiko kwenye vyupa vya rangi ya viatu kiwandani. Tunapoona deni linajitokeza kila mahali katika novela hii, tusidhani ni pambo.

Tumtazame mhusika. Je, Scrooge ni mchoyo au ni bahili? Mchoyo huwanyima wengine ili afaidi yeye. Scrooge hajifaidi. Anakaa gizani kwa sababu giza halina gharama, na usiku ule wa mkesha anakunywa uji peke yake mbele ya moto usiotosha kumpasha mtu joto. Amejinyima kama alivyowanyima wengine. Huyo ni bahili kamili, na ubahili wake una mantiki. Mabwana wawili wanapokuja ofisini kuwaombea maskini msaada, hawafukuzi kwa matusi. Anawauliza kama magereza na nyumba za kazi za maskini zimefungwa, kisha anawaeleza kwamba yeye anachangia gharama za taasisi hizo, nazo ni ghali vya kutosha. Sheria ya Maskini ya mwaka 1834 ilikuwa imezifanya nyumba hizo ziwe chungu makusudi, ili mtu asizikimbilie ila amekosa pengine pote. Scrooge, basi, hasemi kwamba hajali tu. Anasema amekwisha kulipa. Kwa hesabu yake, hadaiwi na mtu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na usomaji uliozoeleka, unaodai kwamba Scrooge alibadilishwa na hofu ya kaburi. Ni kweli kwamba mzuka wa nne unamwonyesha jiwe lenye jina lake, naye anapiga magoti. Lakini majuto yalianza mapema zaidi. Katika sehemu ya pili, mzuka wa Krismasi Zilizopita unampeleka shuleni alikoachwa peke yake wakati wenzake wamekwenda makwao. Mtoto yule anasoma, na wahusika wa vitabu vyake wanapita dirishani: yumo Ali Baba, ambaye wasomaji wa Kiswahili tunamfahamu vyema kupitia Alfu Lela Ulela. Mzee Scrooge anamshangilia kama rafiki aliyepotea, kisha analia. Mara anamkumbuka mvulana aliyekuja kuimba mlangoni pake jioni iliyotangulia, akatamani angempa kitu. Kaburi bado liko mbali. Hakuna aliyemtisha. Amejiona tu akiwa mtoto mhitaji, na mtoto mwingine akaingia kwa mlango huohuo.

Baadaye kidogo wanafika kwa Fezziwig, bwana aliyemfunza kazi, aliyewafanyia vijana wake dansi ya sikukuu. Mzuka unamchokoza: sherehe hii iligharimu pauni 3 au 4 tu, shukrani zote hizi ni za nini? Scrooge anajibu kwa ukali, akisahau kwamba yeye ndiye Scrooge, kuwa bwana ana uwezo wa kuifanya kazi iwe nyepesi au nzito, na uwezo huo umo katika maneno na nyuso, vitu visivyoweza kujumlishwa. Mtu wa daftari amekiri kwamba kuna thamani isiyoingia katika daftari. Kisha anatamani kumwambia karani wake neno moja au mawili.

Wanazuoni wa Kiislamu wanapoeleza toba hutaja masharti yake: kuiacha dhambi, kuijutia, kuazimia kutoirudia, na ikiwa dhambi inamhusu mwanadamu mwenzako, kumrudishia haki yake. Dickens alikuwa Mkristo, wala sisemi aliyajua masharti hayo. Nasema tu kwamba ni kipimo kizuri kwetu, kwa sababu sharti la mwisho linatuelekeza mahali ambapo wasomaji wengi hupita haraka. Asubuhi ya Krismasi Scrooge anakutana barabarani na mmoja wa wale mabwana wawili. Anamnong'oneza kiasi atakachotoa. Katika kitabu kilichojaa hesabu, kiasi hiki hatuambiwi. Tunachoambiwa ni maelezo yake: ndani yake mna malimbikizo mengi ya nyuma.

Malimbikizo! Hilo si neno la sadaka. Anayetoa sadaka hana malimbikizo. Mwenye malimbikizo ni mdaiwa. Mtu aliyesema jana kwamba amekwisha kulipa anasema leo kwamba amechelewa kwa miaka. Mapinduzi ya hadithi nzima, kwa maoni yangu, yamo katika neno hilo kuliko katika bata mzinga aliyepelekwa kwa akina Cratchit, ingawa bata mzinga ndiye anayependwa na wachora picha. Na hapa toba na ukombozi vinakutana, kwani kurudi kwake kuna bei.

Edmund Wilson, katika insha iliyochapishwa kitabuni mwaka 1941, alishuku kwamba Scrooge angeweza kudumu katika hali mpya. Nauheshimu mashaka huo, lakini Dickens mwenyewe aliuweka ndani ya ofisi. Bob anapofika kazini akiwa amechelewa dakika 18 na nusu, na bwana wake akamtangazia nyongeza ya mshahara, hafurahi. Anaisogelea rula, akiwaza kumwangusha kwayo na kuita watu waje kumfunga mwendawazimu. Mdaiwa wa muda mrefu haaminiwi siku ya kwanza.

Kinachonisumbua mimi ni jingine. Katika sehemu ya nne wamo mume na mke vijana, Caroline na mumewe, wanaodaiwa na Scrooge na hawana cha kulipa. Habari za kifo chake zinawapa nafuu. Mke anashukuru, kisha anaomba msamaha kwa kushukuru. Ni wao pekee wanaoguswa na kifo kile, na hisia yao ni faraja. Scrooge aliwaona. Lakini sehemu ya tano haiwataji tena. Karani ameongezewa mshahara, Tim mdogo amepata baba wa pili, mpwa amepata mgeni mezani. Deni la Caroline halikusamehewa wala halikudaiwa, na kila ninapokifunga kitabu hiki najikuta bado nauliza lilikuwa kiasi gani, na liliandikwa ukurasa gani wa daftari.