Simu Kwenye Redio ya Gari: Je, Ni Salama?

Leo tutazungumza juu ya simu ndani ya gari. Huenda ukauliza, "Muuguzi na redio za magari, wapi na wapi?" Swali lako ni zuri. Majeraha ya barabarani ni kama maradhi mengine: yana chanzo chake na yana kinga yake. Mtu akivunjika mfupa wa paja hulala kitandani majuma mengi, na akiwa yeye ndiye mchumaji, nyumba nzima huugua pamoja naye.

Hapa kisiwani Mombasa magari mengi ni ya miaka mingi. Redio zake hazina Bluetooth, yaani ule mtambo wa kuunganisha simu na redio bila waya. Kwa hivyo dereva hushika simu kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine, au huibana simu baina ya sikio na bega. Mshika mbili moja humponyoka. Sheria za Kenya zinakataza kutumia simu ya mkononi gari likiwa linakwenda, na kanuni za mwaka 2016 ziliweka faini ya shilingi 2,000 kwa kosa hilo.

Je, gari la zamani laweza kuwekewa Bluetooth? Ndiyo. Ziko njia tatu.

Ya kwanza: kama redio yako ina tundu la AUX, nunua kipokezi kidogo cha Bluetooth, ukichomeke hapo. Sauti hutoka safi.

Ya pili ni transmita ya FM, inayochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Hiyo hurusha sauti ya simu kama kituo kidogo cha redio, na redio ya gari huipokea. Hapa pana jambo la kuangalia. Magari yetu mengi yametoka Japani, na redio za huko, hasa za zamani, hupokea FM kuanzia 76 hadi 90 tu. Hapa kwetu vituo huenda mpaka 108. Basi ukiitega transmita kwenye 100, redio hiyo haitasikia kitu. Itege kati ya 87.5 na 90, mahali pasipo na kituo. Na kama fundi alikuwekea kifaa cha kuongeza masafa ili upate vituo vya hapa, jua kwamba namba unayoiona kwenye redio si ile halisi. Mwache fundi akutegee.

Ya tatu ni kubadilisha redio yote, uweke mpya yenye Bluetooth na maiki yake. Hiyo ina gharama zaidi, lakini ndiyo bora kwa anayepiga simu nyingi.

Njia yoyote utakayochagua, mwambie fundi mambo haya. Maiki ikae karibu na mdomo wako, mbali na upepo wa feni, kwa maana joto letu hutufanya tufungue madirisha, na kelele za tuktuk huingia zote. Waya zisipite mbele ya mfuko wa hewa ulio katika usukani au dashibodi. Mfuko ukifumuka, chochote kilicho mbele yake hukurukia usoni. Waya za redio mpya ziwe na fyuzi. Na simu iwekwe kwenye kishikizo imara, isiwe inateleza hata uiiname kuiokota.

Sasa nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea. Wakishawekewa kifaa, huona hatari imekwisha. Haijakwisha. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2011 kwamba dereva anayetumia simu yumo katika hatari ya ajali karibu mara nne kuliko asiyetumia, na kwamba kuzungumza bila kushika simu hakukuonekana kuwa salama zaidi sana. Kwa nini? Kwa sababu mikono iko huru lakini akili haiko. Macho yatazama mbele, wala hayaoni. Mguu huchelewa kukanyaga breki.

Mtu mliyekaa naye garini huona barabara kama wewe. Pikipiki ikikukatia, hunyamaza. Aliye kwenye simu haoni. Yeye huendelea na maneno yake, nawe waendelea kumjibu.

Tufanye hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo cha mjini, gari huenda karibu mita 14 kila sekunde. Ukitazama jina la anayepiga kwa sekunde mbili, umekwenda mita 28 kama kipofu. Utasema, "Mji wa Kale hakuna aendaye mwendo huo." Ni kweli. Lakini hata kwa kilomita 20, gari huenda zaidi ya mita tano kila sekunde. Pale Ndia Kuu milango hufunguka moja kwa moja njiani, na mtoto atokaye madrasa hana mita tano za kukuonya.

Kwa hivyo, dereva, shika haya:

1. Unganisha simu na redio kabla ya kuondoa gari.
2. Ukipigiwa, jibu kwa ufupi: "Niko njiani, nitakupigia." Kisha kata.
3. Usipokee kabisa kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, karibu na Marikiti, wala unapoingia au kutoka kivukoni Likoni, ambapo watu wanaotembea ni wengi.
4. Mazungumzo ya pesa, ya ugomvi au ya msiba yangoje. Tafuta mahali pa kuegesha, usimame, ndipo uzungumze.
5. Sauti ya redio isizidi mpaka ukakosa kusikia king'ora cha ambulensi au honi.
6. Ujumbe wa maandishi usisome wala usiandike, hata kwenye foleni.

Nawe uliye nyumbani, mama, baba, au kijana, una sehemu yako. Ukimpigia mtu wako, neno la kwanza liwe: "Unaendesha?" Akisema ndiyo, kata simu, hata kama una habari nzito. Hasa kama una habari nzito. Usimpe mtu khabari ya mgonjwa au ya kifo naye yuko kwenye usukani. Na asipopokea, usimpigie mara kumi mfululizo, wala usikasirike. Huenda anakulindia uhai wake.

Watu husema ajali haina kinga. Wasikilizaji wapenzi, hii ya simu inayo. Kifaa ni nusu ya kinga hiyo. Nusu ya pili ni kunyamaza mpaka gari lisimame.

Kwaherini kwa leo. Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda.