Samaki Waliopotea Katika Ziwa Victoria



Aendaye sokoni Kisumu huona samaki wa namna tatu kupita wengine wote: mbuta, ngege na omena. Tena huyo anayeuzwa kwa jina la ngege mara nyingi siye ngege wa asili, bali ni jamaa yake wa mto Nile, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950. Zamani samaki waliojaa katika maji hayo walikuwa fulu, wadogo kama kiganja, wenye rangi nyingi. Wataalamu wamezitambua aina zao kupita 500, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani.

Kila aina ilikuwa na chakula chake. Fulu wengine walikula konokono, wengine wadudu, wengine watoto wa samaki wenzao. Na wengi mno walikula mwani mdogo unaoyafanya maji kuwa ya kijani, na takataka zinazozama chini. Watu waliwadharau kwa udogo na miiba yao. Kumbe ndio waliokuwa wafagiaji wa ziwa.

Mwaka 1927 na 1928 Bwana Michael Graham wa Uingereza aliuchunguza uvuvi wa ziwa hilo. Aliona kwamba ngege wamepungua kwa sababu ya nyavu za kigeni, akashauri matundu yake yasiwe chini ya inchi 5. Tena alionya kwamba kumleta samaki mkubwa alaye wenzake kutoka maji mengine ni hatari kubwa mno. Onyo hilo halikufuatwa. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 mbuta alitiwa ziwani, ili awale fulu wasio na bei na kuwageuza kuwa nyama yenye bei. Nia haikuwa mbaya. Hesabu ndiyo iliyokuwa mbaya.

Kwa muda wa miaka 20 hivi mabadiliko hayakuonekana sana. Kisha, katika miaka ya 1980, mbuta waliongezeka ghafula, na fulu wakatoweka katika nyavu. Inakadiriwa kuwa aina 200 hivi zilipotea. Ni haki kusema kwamba mbuta ameleta viwanda, kazi na fedha nyingi kutoka nchi za ng'ambo. Lakini nyama yake ina mafuta, haikauki juani kama fulu. Lazima ibanikwe au ikaangwe, na kuni za kazi hiyo zimekatwa katika misitu ya pwani ya ziwa na visiwani.

Wala mbuta peke yake hastahili lawama. Mvua huosha udongo wa mashamba yasiyo na makinga, pamoja na mbolea, na miji humwaga maji machafu. Mwani hustawi kwa vitu hivyo. Ukifa huoza, na kuoza kwake huimaliza hewa iliyomo majini, hata samaki wa chini hufa. Jambo jingine halikufikiriwa na watu kabla: fulu jike humchagua dume kwa rangi yake. Maji yakiwa machafu hawezi kuitambua rangi hiyo, na aina mbili zilizokuwa mbalimbali huchanganyika zikawa moja.

Tangu miaka ya 1990, mbuta walipovuliwa kwa wingi, baadhi ya fulu wamerudi. Wale waliokwisha kabisa hawarudi.

Ngege wa asili angali yupo katika ziwa dogo la Kanyaboli, kaunti ya Siaya, pamoja na baadhi ya fulu. Kinachowalinda ni mafunjo ya kinamasi cha Yala, kwa maana maji yaliyo kati ya mafunjo hayo yana hewa kidogo mno, na mbuta hawezi kuyapita. Sehemu ya kinamasi hicho imekwisha kukaushwa kwa ajili ya kilimo, na mafunjo yaliyobaki hukatwa na kuchomwa moto ili kupata mashamba mapya.